'Poa' Isiyo na 'Ila'

Jumamosi iliyopita, mbele ya Posta Kuu katika Barabara ya Kenyatta, nilikutana na rafiki niliyesoma naye shule ya upili. Nusura nimpite, kwa jinsi alivyokonda. Miaka mitatu tumeandikiana kwa simu. Nikimwuliza hali, hujibu 'poa'. Kila Disemba hunitumia picha za wanawe wakiwa likizoni mashambani. Kumbe muda huo wote husafishwa figo mara mbili kwa juma!

Walimu wenzangu hulalamika kwamba simu imeharibu tahajia za wanafunzi. Hilo ni dogo. Barua ya kirafiki tuliyofunzwa miaka ya 1990 ilianza, 'Mimi ni mzima, hofu ni kwako', nasi tuliicheka tukaiita ukasuku. Lakini baada ya 'mzima' ilifuata 'ila', na habari yenyewe ilikaa hapo. 'Poa' haina 'ila' yake. (Nakiri kwamba nami sikuwahi kumwuliza mara ya pili.)

Nimemwandikia kurasa mbili. Sanduku lake la posta alilifunga zamani, kwa hiyo nitampelekea mwenyewe huko Kangemi, siku asiyokwenda hospitalini.