Je, Wajua? Seli changa ndani ya ubongo wa mtu mzima

Je, wajua kwamba ndani ya ubongo wako, usawa wa masikio, kuna sehemu iliyojikunja ikafanana na farasi wa baharini? Ndiyo hipokampasi, na jina lake la kale limetokana na umbo hilo. Zipo mbili, moja kila upande. Mambo ya leo hupitia hapo kabla ya kuwa kumbukumbu ya kudumu, na humo ndimo zinamotafutwa seli changa.

Wajua aliyedokeza kwanza kwamba seli mpya za neva, yaani niuroni, huzaliwa hata ukubwani? Ni Joseph Altman, mwaka 1962, huko Marekani. Aliwapa panya thimidini yenye mionzi, kiungo ambacho seli hukitumia kutengeneza DNA inapojigawa, kisha akaikuta alama hiyo ndani ya niuroni za panya waliokomaa. Wakati huo iliaminika kuwa niuroni ulizozaliwa nazo ndizo hizo hizo mpaka kufa. Altman akapuuzwa kwa miaka mingi, na jambo hilo linauma, maana ushahidi ulikuwa mezani.

Je, wajua kwamba mabomu ya nyuklia yalisaidia kuhesabu seli hizi kwa binadamu? Majaribio yaliyofanywa angani, kabla ya mkataba wa 1963 kuyazuia, yaliongeza kaboni-14 hewani. Mimea ikaivuta, wanyama wakala mimea, nasi tukala vyote viwili. Baada ya mkataba kiwango kikawa kinashuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo DNA ya kila seli inabeba muhuri wa mwaka iliotengenezwa. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, waliusoma muhuri huo katika ubongo wa watu waliofariki. Hesabu yao: niuroni mpya zipatazo 700 kwa siku katika kila hipokampasi. Wapo waliopinga. Mwaka 2018 timu ya San Francisco ilitafuta seli changa kwa watu wazima isizione, na wiki chache baadaye timu ya New York ikatangaza kuziona hadi kwa mzee wa miaka 79. Mimi nimeegemea upande wa wanaoziona, hasa baada ya watafiti wa Sweden kutangaza, mwaka 2025, kwamba wamezikuta hata seli mama zinazojigawa ukubwani.

Wajua kwamba kinachowatuliza wakubwa huwaamsha wachanga? Kemikali iitwayo GABA hupoza niuroni iliyokomaa. Lakini ndani ya niuroni changa kumejaa kloridi. GABA ikifungua milango, kloridi hutoka na seli husisimka. Ikikua, mkondo hugeuka.

Niuroni changa nyingi hufa kabla ya kukomaa. Kwa panya, zile zinazosalia hufikia kilele cha wepesi wa kujifunza kati ya wiki ya nne na ya sita: kichocheo kidogo tu, ambacho seli kongwe wala haikihisi, huimarisha miunganiko yao.

Je, wajua wepesi huo una faida gani? Uliacha kandambili mlangoni mwa msikiti jana, na leo tena. Mlango ni ule ule, kandambili ni zile zile, ila mahali ulipoziweka pametofautiana kidogo. Kuzitenganisha kumbukumbu mbili zinazofanana kiasi hicho ni kazi ambayo niuroni hizi husaidia. Panya waliozuiwa kuzizalisha hupata shida kutofautisha sehemu zilizokaribiana; walioongezewa hutofautisha vizuri zaidi.

Panya wanaokimbia kwenye gurudumu hupata niuroni mpya kwa wingi kuliko wanaokaa tu. Hilo lilionekana California mwaka 1999.

Na je, wajua kwa nini hukumbuki siku ulizobebwa kwa mbeleko? Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walipendekeza kwamba utotoni niuroni huzaliwa kwa kasi kubwa, na kila inayoingia hupanga upya miunganiko iliyoshika kumbukumbu za zamani. Walipopunguza kasi hiyo kwa vitoto vya panya, kumbukumbu zilidumu zaidi. Walipoiongeza kwa panya wakubwa, hao wakasahau walichofunzwa. Simbilisi, ambaye huzaliwa macho wazi, na manyoya tayari, na niuroni zake nyingi zimeshatengenezwa tumboni mwa mama, hukumbuka tangu uchangani.