Dereva Mmoja, Hesabu Ngapi? Usimamizi wa Takwimu za UVIKO-19 katika Mipaka ya Afrika Mashariki

UVIKO-19 ilipoingia Afrika Mashariki mwezi Machi 2020, safari za abiria zilizuiwa katika nchi nyingi za ukanda huu, lakini malori ya mizigo hayakuweza kusimamishwa. Uganda, Rwanda na Burundi hazina bahari. Hutegemea bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Hivyo dereva wa lori akawa mtihani wa mifumo ya takwimu za afya.

Tatizo la kwanza lilikuwa la fasili. Dereva aliyechukuliwa sampuli mpakani Malaba au Mutukula angeweza kuwa ameshafika mbali matokeo yanapotoka. Je, ahesabiwe katika nchi ya uraia wake, nchi aliyopimiwa, au ile atakayotibiwa? Mwezi Mei 2020 Uganda iliwaondoa madereva wa kigeni katika jumla yake ya kitaifa. Idadi ilipungua, wagonjwa hawakupungua. Aidha, Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za kitaifa baada ya tarehe 29 Aprili. Dereva aliyefutwa upande mmoja hakuwa na hakika ya kuandikwa upande wa pili, na watu aliokaribiana nao njiani wangeweza kukosa wa kuwafuatilia.

Tatizo la pili lilikuwa la kuaminiana. Cheti kilichotolewa na nchi moja hakikukubaliwa daima na jirani yake. Madereva walipimwa upya, na foleni zikarefuka. Katika mwaka huohuo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili matokeo ya vipimo yaonekane kwa maafisa wa nchi zinazoutumia. Hiyo ilikuwa hatua muhimu. Hata hivyo, kuthibitisha cheti ni jambo moja, na kukubaliana juu ya namna ya kuhesabu ni jambo lingine.

Funzo kwa watunga sera ni kwamba fasili ya pamoja haina budi kukubaliwa kabla ya mlipuko ujao. Uraia, mahali pa kupimiwa na mahali pa matibabu viandikwe katika safu tofauti, ili kila nchi ipate jumla yake bila kumfuta mtu. Kila marekebisho ya idadi yatangazwe pamoja na sababu zake. Mpaka hutenganisha mamlaka, hautenganishi maambukizi. Takwimu zinazoishia mpakani huishia pale ambapo zinahitajika zaidi.