Masisi na Walikale: Kilima kikisha kushiba maji, kinapataje nafasi tena?

Mvua za kwanza za mwezi wa tisa zinaponyesha Masisi, mara nyingi mito haipandi sana. Udongo umekauka tangu mwezi wa sita, kwa hiyo unameza maji. Mvua ya kiasi kile kile ikinyesha mwezi wa nne, baada ya siku tatu za mvua mfululizo, maji yanateremka na matope, maharagwe na wakati mwingine nyumba. Tofauti haiko katika mvua. Iko katika udongo.

Wakaaji wanajua bei yake. Tarehe 2 Aprili 2023, maporomoko ya udongo yaliua watu karibu 20 katika teritware ya Masisi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Mei, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, Kivu ya Kusini, yaliua zaidi ya watu 400.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Shamba la mita 50 kwa 100 likipata milimita 30, limepokea lita 150.000, yaani mapipa 750 ya lita 200. Maji hayo yakikosa nafasi ndani ya udongo, yanamfuata anayeishi chini.

Udongo unapata nafasi tena kwa njia mbili. Kwanza, matundu makubwa yanamwaga maji yao chini, kwa siku moja au mbili. Kisha mimea inafanya kazi iliyobaki: mizizi inavuta maji, majani yanayarudisha hewani, jua na upepo vinasaidia. Katika miji ya Ulaya ambako watu wanaweka udongo na mimea juu ya paa za nyumba, mafundi wameona jambo hilo hilo. Paa iliyopata siku kavu za kutosha inashika mvua. Mvua ikirudi mapema, maji yanapita tu.

Kwa Masisi shida ni mimea yenyewe. Misitu mingi ilikatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe tangu wakati wa ukoloni, kisha mashamba na makala vikafuata. Mizizi ya majani haifiki mbali kama ya miti, na kwato za ng'ombe zinakandamiza udongo. Shamba lililoachwa wazi baada ya mavuno linakauka juu tu, chini linabaki limelowa.

Walikale bado ina msitu mkubwa. Huko mvua inanyesha karibu mwaka mzima, siku kavu ni chache, lakini miti inakunywa kila siku. Hata hivyo mto Lowa unatoka kwenye milima iliyo kaskazini-magharibi ya ziwa Kivu, unapita Walikale na kuingia Lualaba. Kinachofanyika juu kinawafikia walio chini.

Dawa zinajulikana: mifereji inayokata mteremko, matete na setaria kandokando yake, gravilea kati ya mashamba, na udongo usioachwa uchi. Tangu 2007, programu ya EcoMakala ya WWF imesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala. Lakini vita inaharibu hesabu. Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hachimbi mfereji, na aliyekimbia mara tatu hapandi mti wa kuvuna baada ya miaka saba. Kwake matete ni afadhali: yanashika haraka, na mbuzi wanayala.

Kuna mpaka pia. Juu ya mteremko mkali sana, mfereji unaweza kuingiza maji mengi ndani na kuharakisha maporomoko. Nyufa mpya juu ya kilima, miti inayoanza kuinama, chemchemi inayogeuka matope: hizo ni alama za kuhama, si za kuchimba. Na mvua ya siku ya nne, hata ikiwa ndogo, inakuta kilima kimeshiba.