Kabla Injini Haijashushwa, Mwambie Fundi Apime

Alfajiri vijiweni, abiria wa kwanza wakiwa wameshafika, si ajabu kumkuta dereva wa bodaboda anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Choki ameivuta, mafuta yamo, lakini pikipiki imenuna. Wenzake wanaisukuma, inawaka kwa kukohoa, anaondoka. Kesho yake hali ni ileile. Akifika gereji, hukumu inatolewa injini ikiwa bado imefungwa: ringi zimekwisha, tushushe.

Huenda ni kweli. Kinachoniuma ni kwamba hukumu hiyo hutolewa bila kipimo, na anayeilipia ni kijana mwenye mkataba, ambaye hesabu ya tajiri haimsubiri hata pikipiki ikilala gereji. Ananunua ringi, gasketi na oili mpya, analipa ufundi, na wiki mbili baadaye anasukuma tena. Kumbe kasoro ilikuwa mahali pengine, pengine pa kurekebishwa kwa spana mbili.

Injini ya petroli ili iwake inataka mafuta yaliyochanganyika vizuri na hewa, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni ya kutosha. Basi mtu aanze na kilicho rahisi kufikiwa. Plagi ikitolewa, pua yake inasema mengi. Rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili ya afya. Nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta yamezidi hewa, na mara nyingi chanzo ni chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Iliyolowa petroli imezidiwa mafuta, au haina moto wa kuyachoma. Iliyolowa oili ndiyo ya kutia wasiwasi, maana oili inapanda kutoka chini ya ringi au inashuka kupitia sili za valvu. Koili nayo ina hila yake: inatoa moto mzuri ikiwa ya baridi, ikipata joto inaukata. Pikipiki ya namna hiyo huwaka vizuri asubuhi, kisha hugoma mchana baada ya kuzimwa kidogo tu.

Mafuta nayo yasisahaulike. Petroli inayouzwa kwenye chupa barabarani, ikikaa juani siku nyingi, hupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto upesi, na hapo kuwasha kwa baridi kunakuwa kazi. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni mbaya zaidi. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili yaliyochakachuliwa yatambulike.

Moto ukiwepo na mafuta yakiwa safi, tuje kwenye kompresheni, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Chukua Boxer 150 iliyojaa barabarani kwetu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56, pistoni inasafiri milimita 58.8, na ujazo unakuwa sentimita za ujazo 144.8. Mchanganyiko wote ulioingia humo lazima ukandamizwe kwenye chumba kidogo juu ya pistoni kabla plagi haijapiga. Hewa ikivuja, hata moto uwe mkali namna gani, mlipuko unakuwa hafifu au haupo. Dereva mzoefu huihisi kasoro hiyo mguuni, kwa kuwa kiki inashuka laini, bila ile nguvu ya kuusukuma mguu urudi juu.

Mguu, hata hivyo, hautoi namba. Namba inatolewa na geji ya kompresheni, kifaa kidogo chenye mshale kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Injini ikiwa na joto, unafungua mafuta hadi mwisho, kisha unakanyaga kiki kwa nguvu mara kadhaa mpaka mshale uache kupanda. Injini nyingi za ukubwa huu zikiwa nzima husoma takriban psi 150 hadi 180. Ikishuka chini ya 100, kuwaka kunakuwa kwa shida. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho, maana baadhi ya injini zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na geji husoma chini bila kuwa na ubovu.

Namba ikiwa ndogo, usinunue kitu bado. Mimina kijiko cha chai cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, kanyaga kiki mara chache isambae, halafu pima tena. Mshale ukipanda waziwazi, oili imeziba kwa muda nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda, kwa hiyo ugonjwa uko huko. Ukibaki palepale, ringi hazina hatia. Tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ya tapeti. Madereva wengi hawapendi kusikia tapeti zikilia, na fundi anayetaka kumridhisha mteja huzikaza mpaka injini inyamaze. Ukimya huo unasifiwa, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Kati ya roka na ncha ya valvu lazima ibaki nafasi, kwa pikipiki nyingi za aina hii kati ya milimita 0.05 na 0.10, unene wa unywele tu. Nafasi ikiisha, valvu haikai sawasawa kwenye siti yake. Inabaki wazi kidogo, kompresheni inavuja, na valvu ya ekzosi, ambayo hupoa kwa kugusa siti yake, inaanza kuungua. Hata bila mkono wa mtu, nafasi hiyo hupungua kadiri valvu na siti zinavyolika. Kwa hiyo pikipiki inayozidi kuwa kimya huku ikizidi kuwa ngumu kuwaka inaomba kusetiwa tapeti. Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T kwenye magneto ikilingana na alama ya kava, pistoni ikiwa juu na roka zote mbili zikicheza. Na ipimwe kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, si kwa sikio.

Tapeti zikiwa sawa na bado hewa inavuja, fundi mwenye kompresa anaweza kupuliza hewa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga, kisha asikilize. Mlio ukitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingiza hewa haizibi. Ukitokea kwenye ekzosi, ni ile nyingine. Ukisikika kwenye tundu la kujazia oili, injini inapumua, na sasa ringi zinaweza kutajwa kwa haki.

Moshi nao ni shahidi. Wa bluu unaotoka dakika ya kwanza baada ya pikipiki kulala, kisha ukakoma, mara nyingi ni wa sili za valvu. Unaoongezeka kila unapovuta mafuta kwa nguvu ni wa ringi na silinda. Hapo kweli injini ishushwe. Lakini ringi mpya ndani ya silinda iliyolika ni pesa ya bure. Silinda ichongwe, iwekwe pistoni ya saizi ya juu, milimita 0.25 au 0.50. Na chujio la hewa libadilishwe siku hiyohiyo, kwani vumbi lililozila ringi za kwanza litazila na hizi.

Geji ya kompresheni na fila geji si vifaa vya anasa. Hata madereva wa kijiwe kimoja wanaweza kuchanga na kununua vyao. Kwa hiyo, ndugu dereva, na wewe mwenye pikipiki, fundi akikwambia ringi zimekwisha, mwombe kwanza apime tapeti, kisha akuonyeshe namba mbili, ya kabla ya oili na ya baada ya oili. Asipokuwa nazo, usimruhusu ashushe injini.