Kusomea Uuguzi Ukubwani



Mara nyingi akina mama hunisimamisha baada ya kliniki na kuniuliza: "Sista, mimi niliishia darasa la saba na nina watoto watatu. Je, bado naweza kuwa muuguzi?"

Jibu ni ndiyo. Lakini njia ni ndefu, na yafaa kuifahamu kabla ya kuuza mbuzi ili kulipa ada.

1. Kidato cha nne kwanza. Aliyemaliza darasa la saba bila kusoma sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, yaani QT, unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ulizia masomo hayo katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

2. Chagua masomo yanayotakiwa. Hapa ndipo wengi hukwama. Chuo cha uuguzi hudai ufaulu, angalau alama D, katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa hiyo Maarifa ya Biblia, hata ukipata A, hayahesabiwi. Kiingereza nacho usikiache, maana ndicho kinachofundishiwa chuoni.

Mhudumu mmoja wa wodi yetu alisoma jioni baada ya zamu kwa miaka miwili. Alifaulu masomo matano, Baiolojia na Fizikia yakiwemo, lakini Kemia hakuwa ameisajili kabisa. Alilia sana. Nilifanya kazi naye kila siku, na sikuwahi kumwuliza anasoma nini. Alirudi darasani mwaka mwingine kwa ajili ya somo hilo moja. Leo ni muuguzi, na ndiyo sababu naandika haya.

3. Hesabu miaka. Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, kisha kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukijumlisha na miaka kama miwili ya QT na kidato cha nne, mwenye miaka 35 atamaliza akiwa na 40 au zaidi. Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45. Basi usiahirishe.

4. Usinunue cheti. Mwaka 2017 watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Katika kazi yetu hatari si kufukuzwa tu: asiyejua kukokotoa dozi anaweza kumwua mtoto wa jirani yake.

5. Kubalianeni nyumbani. Nani atapika jioni? Nani atabaki na mtoto akiugua wakati wa mitihani? Baba, ukimpa mkeo ada lakini ukamwachia kazi zote za nyumbani, hujamsaidia kusoma.

Msiogope kukaa darasani na vijana. Aliyewahi kumwuguza mama yake au kumgeuza mgonjwa kitandani anayo tayari subira ambayo vijana hujifunza polepole.

Ila kabla ya kulipa hata senti moja, uliza kituoni: "Je, hapa mnafundisha Kemia?"