Kuonewa Kazini Huumiza Hata Nyumbani

Katika vikundi vyetu wako wanachama wengi wanaotoka alfajiri kwenda kibarua: kwenye mashamba ya chai na maua, kwa nyumba za watu, dukani, hata ofisini. Hebu tufikirie mama mmoja wa namna hiyo. Zamani alikuwa mchangamfu. Siku hizi anakuja mkutanoni amechelewa, hasemi kitu, na mchango wake ni nusu. Sisi tunafanya nini? Tunamtoza faini. Hatuulizi.

Kama tungeuliza, labda tungesikia kwamba nyapara humtukana kila siku mbele ya wenzake, humpa kazi kupita wengine, na humtishia kumfuta. Wenzake nao wanaogopa, kwa hiyo hawakai naye tena.

Kuonewa ni nini?

Si kila ukali ni uonevu. Msimamizi akikukosoa kwa sababu umeharibu kazi, hiyo ni kazi yake. Uonevu ni kudharauliwa au kutishwa tena na tena, nawe huna nguvu ya kujitetea. Heinz Leymann, mtaalamu wa saikolojia aliyechunguza jambo hili huko Uswidi katika miaka ya 1980, aliweka kipimo: angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi 6 au zaidi. Tendo moja laweza kuonekana dogo, lakini yakirundikana humvunja mtu.

Humfanya nini mtu?

Tukiogopa, mwili hujitayarisha kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio na misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini anayeonewa kila siku hatulii. Usiku hukosa usingizi, kichwa na tumbo humuuma, husahau mambo, na akikumbuka Jumatatu anaanza kutetemeka. Wengine hulia bila sababu, wengine huwakaripia watoto, wengine hukimbilia pombe.

Kibaya zaidi, mtu aliyeambiwa kila siku kuwa yeye ni mjinga mwishowe huamini. Huona aibu, hujificha, na pengine huona maisha hayana maana. Huu si uvivu, wala hakurogwa. Ni jeraha.

Kikundi kifanye nini?

1. Kabla ya faini, ulizeni. Watu wawili anaowaamini wamtembelee, siyo mkutano mzima. Wasikilize, na siri isitoke. Wasiseme, "Vumilia tu, kazi ni ngumu kupata." Hayo anayajua tayari.

2. Msaidieni kuweka daftari: tarehe, saa, maneno aliyoambiwa, na nani alikuwepo. Neno la mdomo hukataliwa upesi.

3. Mpelekeni kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au kwa afisa wa kazi wa serikali. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa vyema kazini. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na maandishi ya kuzuia usumbufu wa kimapenzi kazini.

4. Angalieni deni lake. Wengi hubaki kwenye mateso kwa sababu wanadaiwa, pengine na sisi wenyewe. Kikundi kikisogeza malipo kwa miezi 2 au 3, mwanachama anapata nafasi ya kutafuta kazi nyingine.

5. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mgonjwa hawezi kusema mahali ambapo hakuna wa kumsikiliza. Kikundi ambacho mtu anaweza kusema, "Ninaumia," ni akiba kubwa kuliko ile iliyo katika sanduku.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Je, kuna mwanachama wetu aliyenyamaza siku hizi? Nani atamtembelea?
– Sheria zetu za faini zinampa mtu nafasi ya kujieleza?
– Na sisi je? Kijana tuliyemwandika kuchunga ng'ombe, au msichana anayetusaidia nyumbani, tunamsemesha namna gani?