Tanki Linamwagika Usiku Mkilala? Anza Kujifunza Elektroniki na Hiyo Shida

Kama unaishi mtaa wa mgao, hii stori unaijua. Maji inarudi saa tisa usiku, msee anawasha pampu ipandishe kwa tanki ya juu, halafu usingizi unambeba. Asubuhi mnapata maji imemwagika kwa paa na tokeni za stima zimeenda nayo. Kakifaa kadogo kanakolia tanki likikaribia kujaa kangemaliza hiyo noma, na unaweza kukajenga mwenyewe hata kama hujawahi kushika waya. (Kama tanki lenu lina boya inayofanya kazi, hongera. Za wengi zilikufa kitambo.)

Ubongo wa hicho kifaa ni bodi inaitwa Arduino Uno. Arduino ilianza 2005 huko Ivrea, Italia, kwa shule ya ubunifu, ndio wanafunzi wasio mainjinia waweze kuunda vitu. Chipu yake ina kumbukumbu ya KB 32 tu. Simu yako ya bei ya chini inaishinda mbali, lakini kwa kusoma sensa na kupiga kengele inatosha na inabaki. Ukishuka Luthuli au River Road kuitafuta, usishtuke ukipewa nakala. Ramani ya hiyo bodi iko wazi, kwa hivyo kuiga ni halali. Cheki tu kama ina chipu ya CH340, maana kompyuta yako inaweza kukataa kuiona mpaka uweke draiva yake. Wasee wengi hukwama hapo siku ya kwanza wakidhani wameuziwa bodi mbovu.

Usikimbilie sensa. Anza na kataa kamoja ka LED nyekundu, kale ka miguu miwili. Mguu mrefu ndio chanya. Ukiunganisha moja kwa moja na pini ya bodi, taa itavuta mkondo mwingi kuliko inavyofaa na unaweza kuchoma taa, pini, ama zote. Dawa ni rezista, na hesabu yake ni ya darasa la sita: pini inatoa volti 5, LED nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 3. Gawanya 3 kwa rezista ya ohm 220, unapata karibu miliampea 14. Pini ya Uno iko starehe mpaka 20, so uko sawa. Ukielewa hiyo hesabu, umeelewa nusu ya vitu vingine vyote.

Ukishaifanya iwake na kuzima, ongeza kitufe. Hapa utaona maajabu: taa inawaka yenyewe na hujagusa kitu. Bodi haina mapepo, manze. Pini isiyounganishwa na kitu huwa inaelea, inaokota kelele za umeme hewani. Kwa programu andika INPUT_PULLUP, pini itulie.

Sasa tukuje kwa tanki. Sensa ya HC-SR04 inafanya kazi kama popo: inatoa sauti usiyoisikia, inagonga maji, inarudi, na bodi inapima muda. Sauti hutembea karibu mita 340 kwa sekunde. Juu inaenda na kurudi, kila sentimita moja inakula karibu maikrosekunde 58. Ukisoma 1,740, gawanya kwa 58: maji iko sentimita 30 chini ya sensa. Jaribu kwanza na ndoo hapo kwa keja, ukiongeza maji pole pole na kupima na rula. Namba zikikubaliana, weka baza ilie maji ikifika pale unataka.

Kwa tanki lenyewe HC-SR04 haitadumu, mvuke wa ndani utaimaliza. Tafuta JSN-SR04T, ambayo uso wake haupitishi maji. Shida yake ni kuwa haioni vizuri kitu kilicho karibu sana, chini ya kama sentimita 25, kwa hivyo iweke juu kidogo na ufanye kengele ilie mapema.

Baada ya hapo kichwa kitakuambia: si niweke rilei, pampu ijizime yenyewe? Tulia hapo, buda. Hii yote umekuwa ukicheza na volti 5, ambazo hata ukishika hutasikia kitu. Pampu inatumia stima ya volti 240, iko karibu na maji, na wewe umesimama juu ya paa lililolowa. Hiyo kazi ni ya fundi wa stima mwenye leseni. Kwa sasa wacha kifaa kilie tu, wewe uamke uzime pampu kwa swichi yake.